Bakuli la Maharage Kumi

Simu yangu ina tabia ya kuniuliza kama nimeridhika. Nikitoka kutoa hela kwa wakala, ujumbe unaingia: toa alama kuanzia moja hadi tano. Wiki iliyopita nilikwenda ofisi moja, nisiitaje, kufuatilia karatasi zangu za mafao. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Mlangoni binti mmoja akaninyooshea kishikwambi chenye nyuso tano zilizochorwa, kuanzia uliokunja ndita mpaka unaocheka, akaniomba nibonyeze mmoja. Nikabonyeza unaocheka. Yule binti alikuwa ameniamkia vizuri, shikamoo mama, na mimi siwezi kumwacha mtoto wa watu na uso ulionuna mkononi.

Nilitoka nje nikasimama juani nikijichukia. Kama kuna mtu katika mji huu wa Dodoma anayejua jibu kama lile linafanya nini likishaandikwa, ni mimi. Naandika haya kwa sababu sijawahi kuyasema vizuri kwa mtu yeyote isipokuwa wawili, na mmoja wao ndiye niliyemkosea.

Nilisoma uchumi miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Utoto wangu ulikuwa wa foleni za sukari na sabuni. Tulikuwa tunapanga mawe mbele ya duka la ushirika, kila jiwe na mwenyewe, sisi tukaenda kucheza mpaka duka lifunguliwe. Halafu ghafla ikawa ruksa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, mafuta ya kupikia ya kila rangi, sabuni mpaka ukachoka kunusa. Chuoni tukafundishwa somo la mlaji, yaani huyo mtu anayekwenda sokoni na kuchagua. Mwalimu wetu alipenda mfano wa machungwa. Chungwa la kwanza linamridhisha mlaji kwa vipimo kumi, akasema, la pili kwa vinane, la tatu kwa vitano, na likifika la sita linamchefua. Ili hesabu hiyo iende, tukubali mambo kadhaa bila kuyahoji: kwamba mlaji anajua anachotaka, kwamba anasema kile anachojua, kwamba kuridhika kwake kunaweza kupimwa kama unga, na kwamba kingi ni bora kuliko kichache mpaka ashibe.

Niliinua mkono. Nikauliza, "Na kama anakula na mwenzake?"

"Katika mfano huu," mwalimu akasema, "yuko peke yake."

Darasa lilicheka, na mimi nikaandika kwenye daftari: yuko peke yake. Sikuwa na ugomvi na hilo. Kusema kweli nililipenda somo lile kuliko yote, kwa sababu kwetu hakuna kitu kilichowahi kuwa safi namna ile, mtu mmoja, chungwa moja, namba moja.

Nilirudi Dodoma nikapata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja kwenye mradi wa maji wa wafadhili. Mambo yalikuwa yamegeuka. Yule aliyekuwa akiitwa mwananchi sasa aliitwa mteja, na mteja ni lazima aulizwe kama ameridhika kabla hujamfanyia jambo lingine. Mkuu wetu wa utafiti alikuwa mtu mpole, amesomea ng'ambo, anasikiliza mpaka mwisho wa sentensi yako. Ndiye aliyekuja na njia ya maharage. Wanawake wengi wa vijijini hawakusoma, akasema, tusiwahangaishe na karatasi. Unampa mama bakuli na maharage kumi. Unamwambia, kama maji ya pampu yanakuridhisha kabisa, weka yote kumi. Kama hayakuridhishi hata kidogo, usiweke hata moja. Kama uko katikati, weka kadiri unavyoona mwenyewe. Kisha nirudishie bakuli nihesabu.

Tuliisifu sana njia ile. Nami niliisifu.

Mradi ulikuwa na uwezo wa kuchimba kisima kimoja zaidi tu, kirefu, cha kufika kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Vitongoji viwili vya upande wa Haneti vilikuwa vinastahili, na kile ambacho wastani wa maharage yake ungekuwa mdogo ndicho kingepewa. Tulikatazwa kabisa kuwaambia watu kwamba kuna kisima cha kugombea, wasije wakatudanganya. Kitongoji kimoja alipangiwa mwenzangu, kijana wa Singida. Kingine nilipangiwa mimi, na huko ndiko alikoolewa mama yangu mdogo.

Sisi ni Warangi, watu wa milima ya Kondoa, karibu na Kolo. Mama mdogo alishuka kutoka milimani kumfuata mume, wakajenga nyumba ya matofali mabichi kwenye ile nchi kavu, wakalima uwele na karanga, na mume alipofariki akakataa kurudi kwa kaka yake Kolo. Alisema ana nyumba yake na jiko lake, aende kukaa kwa wifi yake akafanye nini? Nilimpenda kwa hilo. Nilijua anateseka kwa maji, maana mama alikuwa akimtaja kila mara mvua ikichelewa. Kwa hiyo nilipopanda gari la mradi asubuhi ile nilikuwa na siri moja moyoni: kisima kiende kwa mama mdogo, na kiende kwa haki, kwa maharage ya watu wenyewe.

Nilipita mlango kwa mlango na mwenyekiti wa kitongoji. Habari za hapa? Nzuri. Na maji? Mazuri, tunashukuru. Kisha bakuli. Yalikuwa mabakuli meupe ya bati, yenye ukingo wa buluu. Nyumba ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu, tisa, na yule mama akaomba radhi kwamba harage moja lilikuwa limetobolewa na wadudu, ndiyo maana hakuliweka. Nikaandika tisa.

Nyumba ya tano au ya sita nilimkuta bibi mmoja wa Kigogo aliyekuwa akizungumza Kiswahili polepole, neno kwa neno. Aliweka maharage yote kumi, akachungulia ndani, akaona yamefunika kitako tu. Akaniambia, "Ngoja, mwanangu." Akaingia ndani akarudi na karanga viganja viwili, akalijaza bakuli mpaka juu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilicheka. Nilidhani hajaelewa swali. Nikamimina karanga kwenye kanga yangu, nikahesabu maharage, nikaandika kumi, na karanga zile tukazitafuna njiani mimi na mwenyekiti.

Naweza kuisimulia siku ile mara mia na bado nikifika hapo nataka kujipiga kofi. Jibu lilikuwa limejaa mikononi mwangu nami nikalitafuna.

Mlango wa mama mdogo ulikuwa wa mwisho. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaniitikia, akanishika kichwa, akauliza habari za mama. Alikuwa amekonda na anatembea akiinamia upande mmoja. Nikampa bakuli, nikamsomea maneno yale yale niliyowasomea wengine, maana mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale. Niliomba kimoyomoyo aweke mawili. Mawili tu, mama. Nilimtazama usoni kwa nguvu, kama mtoto anayetaka mama yake aelewe jambo mbele ya wageni. Yeye akayapuliza maharage vumbi, moja moja, akayaweka yote kumi, akanirudishia.

"Yote, mama?"

"Yote, mwanangu. Tunawashukuru sana."

Nilimkasirikia. Niliandika kumi nikibonyeza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mwenyekiti akagonga muhuri wake chini ya fomu ya kitongoji, nikaifunga kwenye faili. Bakuli lile lilikuwa limebanduka rangi ukingoni, nikamwambia mama mdogo abaki nalo, pamoja na maharage yake kumi. Akalipokea, akaliingiza ndani.

Kisha akanisindikiza. Gari lilikuwa limeachwa barabarani, mwendo wa robo saa, na mwenyekiti alikuwa ametangulia kwenda kuzungumza na dereva. Kwetu mgeni akishaaga ndipo maneno yanapoanza. Tulitembea polepole kwa sababu ya upande wake ule, mpaka tukaziacha nyumba nyuma yetu.

"Yale maharage uliyoniachia," akasema, "sijui nitayapikia maji gani. Maji ya pampu hayaivishi. Unawasha kuni asubuhi, jua linafika utosini, bado yanagonga meno. Chai ukitia maziwa, yanakatika."

"Sasa mnakunywa nini?"

"Tunakwenda korongoni. Tunafukua mchanga. Mwaka huu shimo limefika hapa." Akaonyesha kifuani. "Niliteleza mle, ndiyo nyonga hii. Kuingia naingia mwenyewe. Kutoka, mpaka apite mtu anivute."

Nilisimama. "Mbona hukusema pale nyumbani?"

Alishangaa kweli, nakumbuka alivyonitazama. "Pale ulikuwa mgeni, na mwenyekiti yupo, na umeshika karatasi. Hapa nakusindikiza."

Nilimwambia nitaona la kufanya. Nilipanda gari na lile faili mapajani, na njia nzima nilijiambia kwamba shida ni yake, amezidi heshima, na kwamba mtu mmoja habadilishi wastani.

Siku chache baadaye, nyumbani mjini, jirani yetu alituletea vitumbua. Alikuwa bibi Mswahili wa mjini, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya zamani wakabaki kufanya biashara, na hakuna aliyeujua ustaarabu wa mtaa ule kuliko yeye. Tulikula, nikaosha sahani, nikaifuta, nikavaa kandambili niirudishe. Mama aliniita nikiwa nimefika mlangoni.

"Unakwenda wapi na sahani tupu ya watu? Umelelewa wapi wewe?"

Akaweka mayai matatu juu yake. Nikabaki nimesimama pale na sahani. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu naanza kutumwa nyumba za watu. Chombo kilichokuja na kitu hakirudi kwa mwenyewe kitupu. Unatia chochote, hata chumvi, hata ndimu mbili. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mtu kwamba umechoka naye. Nimelifanya maisha yangu yote, milimani na mjini, na nikaenda kitongoji kizima kuwapa wanawake bakuli, nikawaambia wanirudishie, halafu nikahesabu kilichomo nikakiita kuridhika.

Nilimweleza mama. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha nikamwambia habari ya kisima, na nani anakisubiri. Akaacha kucheka.

"Basi nenda kaseme," akaniambia.

Jumatatu niliingia ofisini nikiwa nimejipanga kusema. Mkuu wetu alikuwa tayari na majibu mezani. Kitongoji changu kilikuwa na wastani wa zaidi ya tisa. Kile cha mwenzangu hakikufika nne. Nilimwuliza yule kijana wa Singida pembeni, watu wako walisemaje walipokurudishia bakuli? Akacheka. Akasema mabakuli hayakutosha, kwamba mimi ndiye niliyeyachukua yote, kwa hiyo yeye alichora duara chini kwa fimbo na wanawake wakatupia maharage mle. Mle mtu aliweka mawili akaendelea na shughuli zake.

Hapo sikuwa na kisingizio tena. Nilijua kosa liko wapi, na ushahidi wake nilikuwa nao. Nilikwenda mlangoni kwa mkuu nikasema, "Nafikiri watu wa kule kwangu wana heshima sana. Labda majibu yao hayako sawa."

"Kila mtu ana heshima," akasema kwa upole wake. "Ndiyo maana tunachukua wastani." Akainua karatasi zangu. "Tena kazi yako ndiyo safi kuliko zote. Majibu yamekubaliana, hayakutawanyika. Nimekutaja kwenye mapendekezo ya mkataba mpya."

Alinisubiri. Naapa alinisubiri, alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Ningeweza kumwambia habari ya sahani, ya karanga, ya duara la fimbo. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba kazi yangu safi haifai kitu, na kwamba kwenye kitongoji hicho kuna mama yangu mdogo, na angefikiri kwamba nampigia debe ndugu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukilisha nyumba yetu. Haya yote ni kweli na hakuna hata moja linalonisaidia. Nilisema, "Asante, mzee," nikarudi kwenye kiti changu.

Kisima kilichimbwa kwenye kile kitongoji kingine. Sisemi wale hawakukihitaji; walikihitaji, maji yao nayo yalikuwa chumvi, na nilikwenda siku ya uzinduzi nikawaona wakiyanywa viganjani. Mkataba wangu uliongezwa miaka miwili.

Kiangazi kilichofuata mama mdogo alishindwa. Kaka yake alimfuata kwa gari la kukodi, akampakia na godoro lake, akampeleka Kolo. Nyumba ilifungwa kwa kamba. Mvua mbili baadaye, mama akaniambia, ukuta wa jikoni umeanguka.

Nilikwenda kumwona sikukuu ya Idi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani kwa kaka yake, anapukuchua mahindi ya wifi yake kwenye ungo wa wifi yake. Kilichoniuma ni kwamba nilipofika hakuinuka kwenda jikoni. Alimwita wifi yake, kwa sauti ya chini, akamwomba kama kuna chai. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hukuweza kupita mlangoni kwake bila kulazimishwa kula.

Tulipobaki wawili nikamwambia yote. Nilimweleza kwamba kulikuwa na kisima, kwamba maharage kumi yalikuwa na maana ya kukikosa, kwamba niligundua kosa kabla mambo hayajaamuliwa, na kwamba nilikaa kimya. Nililia mimi, sio yeye. Yeye aliendelea kupukuchua.

"Wale wenzako wa kwenye gari nisingewalaumu," akasema. "Hawatujui. Lakini nilipoona bakuli limeshikwa na wewe, nilisema moyoni, huyu ni mtoto wa nyumba. Mimi nitampa heshima yake mbele ya watu, na yeye atakwenda kuwaeleza wenzake maana yake. Ndiyo maana nikayaweka yote. Na njiani nikakuongezea, usije ukasahau."

Alikuwa ameniamini nitakuwa mfasiri wake, na mimi nilikwenda kuwa mhesabu.

Nilipoaga aliinuka, akijishika nyonga, akaingia ndani. Akatoka na lile bakuli jeupe lenye ukingo uliobanduka. Alikuwa amehama nalo. Nililipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na vidole vyangu tayari vimejikaza kwa ajili ya uzito, karanga, au mayai, au hata kiganja cha mahindi yaleyale ya wifi yake.

Lilikuwa jepesi. Lilikuwa limeoshwa, limefutwa mpaka likang'aa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Sasa andika, mwanangu," akasema.

Akarudi kukaa kwenye mkeka. Nilitembea hadi barabarani peke yangu.